SIMU YA OFISI: TUCHAGUE IPI?

Somo letu la leo ni juu ya simu. Huenda utasema, "Simu! Nani asiyejua simu siku hizi? Hata mtoto anajua kupiga." Ni kweli. Kupiga tunajua. Lakini somo hili si la simu ya mtu binafsi. Ni la simu ya biashara: simu ya duka, ya mashine ya kukoboa, ya ghala, ya kikundi. Simu hiyo ina mambo yake. Asiyeyajua anaweza kupata hasara kubwa, na wala asiibiwe na mtu.

Hebu kwanza tusikie habari ya kikundi kimoja.

KIKUNDI KILICHOPOTEZA MNUNUZI

Kikundi hiki kiko mkoani Mbeya. Kina wakulima wa mpunga 42. Wana mashine ya kukoboa, wana ghala, na wana chumba kimoja cha ofisi. Kwa miaka mitatu walitumia simu ya katibu wao. Namba ya katibu iliandikwa ukutani kwa rangi. Ilichapwa hata kwenye stakabadhi. Mnunuzi wao mkubwa, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, aliijua namba hiyo moja tu.

Mwaka wa nne katibu akahamia Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Hakuondoka vibaya. Alikabidhi funguo, akakabidhi mhuri na daftari la hesabu. Simu hakukabidhi, wala hakuna aliyemdai, maana simu ilikuwa yake na laini ilikuwa yake.

Msimu ukafika. Mnunuzi akapiga.

"Haloo, ni kikundi cha mpunga hapo?"

"Hapana bwana, mimi sipo huko tena. Niko Chunya."

"Sasa nitampata nani?"

"Namba zao nilikuwa nazo kwenye simu ya zamani, ikaharibika. Labda uende mwenyewe…" Simu ikakatika.

Mnunuzi hakwenda. Akanunua mpunga kijiji kingine. Huku nyuma wanakikundi wanangoja, gunia 260 ziko ghalani. Wakangoja mpaka ada za shule zikawabana. Mwisho wakawauzia walanguzi, kila gunia kwa bei iliyopungua shilingi 10,000 kuliko ile ya mnunuzi wao. Fanya hesabu mwenyewe:

260 × 10,000 = shilingi 2,600,000.

Nilipowatembelea, mama mwenyekiti aliniambia hivi: "Mwalimu, sisi hatukuibiwa. Tuliuacha mlango wetu kwenye mfuko wa mtu."

Neno la mama huyu ndilo somo letu. Simu ya ofisi ni mlango wa biashara. Mlango wa kikundi lazima uwe wa kikundi.

ANAYESHIKA SIMU NDIYE ANAYESHIKA WATEJA

Jambo hili si geni duniani. Zamani huko Marekani, katika mji wa Kansas City, alikuwapo bwana mmoja aitwaye Almon Strowger. Kazi yake ilikuwa kuuza majeneza na kushughulikia mazishi. Siku hizo simu hazikwenda zenyewe. Ukitaka kumpigia mtu, kwanza ulizungumza na mfanyakazi wa swichibodi. Huyo ndiye aliyeunganisha waya wako na waya wa unayemtaka.

Inasimuliwa kwamba biashara ya Strowger ilianza kudorora. Kumbe mfanyakazi wa swichibodi alikuwa mke wa mwenye duka jingine la mazishi. Mtu akifiwa na kumwulizia Strowger, mama yule alimwunganisha na mumewe. Strowger hakukaa kulalamika tu. Alibuni mashine ya kuunganisha simu bila mtu katikati. Alipewa hati ya ubunifu huo mwaka 1891. Mwaka 1892 kituo cha kwanza cha simu cha namna hiyo kilifunguliwa katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana.

Umeona? Toka enzi hizo, anayeshika simu ndiye anayeshika wateja. Basi tusichague simu kwa kuangalia rangi yake au ukubwa wa kioo chake. Tuanze na maswali manne.

SWALI LA KWANZA: NAMBA NI YA NANI?

Katika nchi yetu kila laini husajiliwa. Mtu binafsi husajili kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole. Maana yake ni hii: laini iliyosajiliwa kwa vidole vya katibu ni ya katibu, hata kama kikundi ndicho kilichotoa hela ya kuinunua. Akiondoka, inaondoka naye. Akifariki dunia, Mungu apishe mbali, mtapata taabu kuirudisha.

Kampuni, taasisi au kikundi kilichoandikishwa kinaweza kuomba laini kwa jina lake. Kwa kazi hiyo msiende kwa wakala wa mwavuli barabarani. Nendeni kwenye ofisi ya kampuni ya simu mjini. Kwa kawaida mtatakiwa kuwa na vitu hivi:

1. Cheti cha kuandikishwa kwa kikundi au kampuni.
2. Namba ya mlipa kodi, yaani TIN.
3. Barua au muhtasari wa mkutano uliomteua mwakilishi.
4. Kitambulisho cha Taifa cha mwakilishi huyo, naye mwenyewe awepo.

Mwakilishi si mwenye mali. Ni mtu aliyetumwa. Akiacha uongozi, mkutano uteue mwingine, na kampuni ya simu ipewe habari.

Watu wengine husema, "Mtandao huu hapa kwetu ni dhaifu, tubadili namba." Msibadili! Toka tarehe 1 Machi 2017 mtu anaweza kuhama kampuni ya simu na kubaki na namba yake ile ile. Namba mliyoitumia miaka mitatu ni kama njia iliyokwisha kukanyagwa. Ukiifunga, mteja hatajua pa kupita.

SWALI LA PILI: WATU WANGAPI WANATUPIGIA?

Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na simu je? Ni hivyo hivyo.

Chukueni daftari la kawaida. Pigeni mistari, mpate nafasi tano:

Tarehe na saa | Nani amepiga | Anataka nini | Dakika ngapi | Amejibiwa nini

Lifungeni na kalamu kwa uzi, liwe karibu na simu. Andikeni kila simu kwa siku 14. Msichague. Hata aliyekosea namba aandikwe.

Kile kikundi cha Mbeya walifanya hivyo baada ya hasara yao. Kazi hiyo alipewa mama mmoja aliyehitimu kisomo. Alikuwa akiandika polepole, lakini hakuruka hata mstari mmoja. Baada ya siku 14 wakajumlisha. Wakakuta kwa wastani wanapigiwa simu 22 kwa siku. Wengine wakasema, "Aa, simu 22 kwa siku nzima, laini moja inatosha."

Mama akasema, "Ngojeni kwanza. Tazameni saa."

Kumbe simu 12 kati ya hizo 22 ziliingia kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Huo ndio wakati wenye magari wanatafuta mzigo. Kila simu ilichukua kama dakika 4. Haya, tuhesabu:

Simu 12 × dakika 4 = dakika 48.
Saa 1 mpaka saa 3 ni saa mbili, yaani dakika 120.
Katika dakika 120, simu inatumika dakika 48.
48 katika 120 ni sawa na 4 katika 10.

Maana yake nini? Asubuhi, kati ya watu 10 wanaopiga, karibu 4 wanakuta simu inatumika. Na hao wanne hawamo katika daftari, maana hawakupokelewa. Mwingine atapiga tena. Mwingine atapiga kwa jirani yenu.

Wakiwa na laini mbili, na watu wawili wa kupokea, hali inabadilika sana. Atakayekuta zote mbili zinatumika ni kama mtu 1 tu kati ya 10. Angalia nimesema watu wawili. Simu mbili mkononi mwa mtu mmoja ni sawa na simu moja.

Kwa hiyo kumbuka: usihesabu simu za siku nzima tu. Hesabu zile za saa yenye msongamano. Mlango haupimwi usiku watu wakiwa wamelala. Unapimwa asubuhi watu wakiingia.

SWALI LA TATU: CHOMBO GANI KINATUFAA?

Vyombo ni vya aina nyingi. Tutaje vinne.

(a) Simu ndogo ya vitufe, ile watu wanayoiita kitochi. Bei yake ni nafuu. Chaji yake hukaa siku kadhaa. Umeme ukikatika, kazi inaendelea. Ubaya wake ni kwamba ni ndogo, inaingia mfukoni, na kinachoingia mfukoni huondoka na mtu. Dawa yake ni kuifunga mezani kwa mnyororo mdogo, au kumwandikisha kila mwenye zamu anapoipokea na anapoirudisha.

(b) Simu ya mezani. Iko ya waya, hasa mijini, na iko inayotumia laini kama ya mkononi. Haizururi. Inakaa ofisini. Inafaa ofisi yenye mtu wa kudumu. Lakini ofisi ikifungwa, inaita peke yake.

(c) Swichibodi. Hiki ni chombo kama kisanduku kinachofungwa ukutani. Upande mmoja zinaingia laini chache za nje, tuseme mbili. Upande mwingine zinatoka waya kwenda kwenye simu za vyumbani, tuseme nane. Anayepiga kutoka nje anapokelewa na mtu mmoja, kisha anapelekwa chumba anachokitaka. Wa chumba hiki akimpigia wa chumba kile, hawalipi kitu, maana sauti haitoki nje ya jengo. Chombo hiki ni kizuri kwa hospitali, chuo, hoteli au kiwanda, mahali penye vyumba vingi na wakubwa wengi. Lakini kinataka umeme, na kikiharibika kinataka fundi.

(d) Simu ya intaneti. Sauti yako inapita kwenye intaneti, kama picha na barua zinavyopita. Inafaa kampuni yenye matawi mbalimbali, maana mtu wa Mbeya na mtu wa Dar es Salaam wanaweza kuwa kama wako jengo moja. Lakini intaneti ikiwa dhaifu sauti inakatika katika. Na umeme ukizimika bila kuwa na akiba ya betri, ofisi nzima inakuwa bubu. Kama mahali penu intaneti inakuja na kuondoka, chombo hiki bado si chenu.

Kile kikundi kilijiwa na mwuzaji wa swichibodi. Kijana mtanashati, mwenye maneno matamu. Akasema, "Ofisi zote kubwa zinayo hii. Ina simu nane!"

Mama mwenyekiti akamwuliza, "Mwanangu, sisi tuna vyumba vingapi hapa?"

Kijana akatazama huku na huku. Chumba kilikuwa kimoja. Mtu akikohoa ghalani, ofisini wanasikia. Wote wakacheka, na kijana mwenyewe akacheka.

SWALI LA NNE: GHARAMA YA MWAKA NI KIASI GANI?

Watu wengi huuliza bei ya kununua tu. Hilo ni kosa. Simu ni kama ng'ombe. Ukishamnunua, bado atakula. Ongeza bei ya kununua na matumizi ya miezi 12. Huu ni mfano wa kufanyia hesabu tu. Bei za kwenu mtaziuliza wenyewe.

Kitochi viwili na laini mbili:
Kununua, shilingi 80,000.
Matumizi, shilingi 20,000 × miezi 12 = 240,000.
Jumla ya mwaka, shilingi 320,000.

Swichibodi yenye simu nane:
Kununua na kufunga, shilingi 1,800,000.
Matumizi na matengenezo, shilingi 40,000 × miezi 12 = 480,000.
Jumla ya mwaka, shilingi 2,280,000.

Mtu akikwambia chombo ni cha bure, mwulize, "Kila mwezi tutalipa kiasi gani? Mkataba ni wa miaka mingapi? Tukiacha katikati, tutadaiwa nini? Kikiharibika, fundi anatoka wapi na kwa muda gani?" Majibu yake ayaandike kwenye karatasi, na atie sahihi. Maneno ya mdomo hayana stakabadhi.

TUSICHANGANYE SIMU NA FEDHA

Siku hizi simu ni benki pia. Hapo pana hatari. Simu ya maongezi inashikwa na kila mwenye zamu. Kwa hiyo isiwekwe fedha. Fedha zipokelewe kwa namba ya malipo ya biashara, yaani lipa namba, iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Mteja anapolipa, jina la kikundi linatokea kabla hajathibitisha. Akiona jina jingine, anaacha. Fedha zikifika, zipelekwe benki kwenye akaunti yenye watia sahihi zaidi ya mmoja.

Mnawajua wale matapeli wa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wanampata nani kwa urahisi? Ni mteja wa biashara inayobadili namba kila mwezi. Amezoea kuambiwa namba mpya, basi hashangai. Biashara yenye namba moja ya kupiga na namba moja ya kulipia, miaka yote, inamlinda mteja wake. Ujumbe wa utapeli ukiingia, usijibizane nao. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Na kila mmoja wetu abonyeze *106# aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akabebeshwa laini asiyoijua.

SIMU NZURI, MPOKEAJI MBAYA

Chombo kizuri mkononi mwa mtu asiyejua kupokea ni hasara. Mpokeaji ataje jina la kikundi kwanza. Asalimie. Asikilize. Aandike. Kisha arudie alichoandika, ili mwenzake asahihishe.

"Haloo, hapa ni kikundi cha wakulima wa mpunga. Habari za asubuhi?"

"Nzuri dada. Nataka gunia 60, gari litakuja Alhamisi."

"Ahsante kaka. Nimeandika gunia 60, siku ya Alhamisi. Jina lako tafadhali, na namba ya gari?"

Hapo biashara imekwisha. Hata mpokeaji akiugua kesho, daftari litamweleza mwenzake.

WALICHAGUA NINI?

Kikundi kile kilikaa mkutano. Kikanunua vitochi viwili. Laini mbili zikasajiliwa kwa jina la kikundi, na mwakilishi akateuliwa kwa muhtasari. Asubuhi watu wawili wanapokea kwa zamu. Jioni simu zote mbili zinafungiwa kabatini na kuandikwa. Namba ya zamani ukutani ikafutwa kwa chokaa, zikaandikwa mpya. Kisha mwenyekiti akapanda basi kwenda Dar es Salaam kumtafuta yule mnunuzi sokoni, ampe namba mpya kwa mkono wake. Alimpata siku ya pili. Mnunuzi akamwambia, "Mama, mimi nilidhani mmekwisha kufa."

Ndugu msomaji, biashara isiyopatikana kwa simu, kwa mteja wa mbali imekwisha kufa. Haidhuru ghala limejaa.

TUKUMBUKE

1. Namba iwe ya kikundi, si ya mtu.
2. Hesabu simu za saa ya msongamano.
3. Chagua chombo kinacholingana na vyumba, watu na umeme mlio nao.
4. Piga hesabu ya mwaka mzima.
5. Tenga simu ya maongezi na namba ya fedha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Laini inayotumiwa na kikundi chenu imesajiliwa kwa jina la nani? Mtu huyo akihama leo, mtafanya nini?
2. Duka moja hupokea simu 15 kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Kila simu huchukua dakika 4. Simu inatumika dakika ngapi katika dakika 120? Kati ya wapigaji 10, wangapi watakuta inatumika?
3. Kwa nini kikundi hakikununua swichibodi? Ni ofisi gani wilayani kwenu mnaona inaihitaji?

KAZI YA KUFANYA

Andaeni daftari la simu kama tulivyoeleza. Liandikeni siku 14. Siku ya 15 kaeni pamoja, mjumlishe, ndipo mwende dukani. Msiende dukani kwanza.

Elimu haina mwisho. Tukutane katika somo lijalo.